Kazungu Bado Yuko Mlangoni

Kilichonitoa Tanga ni simu ya dakika nne. Ilikuwa Jumatano asubuhi, nimekaa barazani na chai yangu ya tangawizi na gazeti la jana, nikapigiwa kwa namba ya Kenya. Sauti ya msichana, yenye adabu, ikasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi naitwa Sidi, binti wa Kazungu wa Mwaro, yule wa Magongo. Sijui kama wamkumbuka babangu."

Nikamwambia marahaba, namkumbuka. Nikakiweka kikombe chini.

"Babangu haitiki jina lake," akasema. "Tangu shangazi afariki mwaka jana. Shangazi ndiye peke yake aliyekuwa akimwita Kazungu. Sasa ukimwita hivyo ni kama humwiti yeye. Lakini mtu akipita njiani akasema 'Nahodha!', hapo hapo anaitika. Mwalimu, Jumamosi wazee wa mchumba wangu waja nyumbani. Baba ataitwa kwa jina lake mbele ya watu, aulizwe kama ameridhia, na lazima aitike mwenyewe. Asipoitika, wataondoka, na mimi nitabaki hivi hivi. Shangazi aliniachia namba yako. Alisema wewe ndiwe uliyemtia hilo jina, na wewe ndiwe wa kumtoa."

Nikasema nitakuja. Nilisema upesi, kabla sijapata muda wa kutafuta udhuru.

Nyinyi wasomaji wangu wa hapa Tanga mnanijua: mzee wa hasira za karibu aliyewafundisha watoto wenu Kiswahili na kuwarudishia insha zikiwa nyekundu tupu. Ya nyuma ya hapo sijapata kuwaandikia. Miaka ishirini na minane iliyopita nilikuwa nikifundisha Changamwe, na baada ya kazi nilikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza pale Magongo. Waigizaji wangu walikuwa wapakiaji wa bandarini na wafanyakazi wa viwandani, Wagiriama na Waduruma waliotoka Kaloleni na Mariakani, pamoja na watu wa bara. Kazungu alikuwa mpakiaji, mtu mrefu, mpole, na katika umri wangu wote sijaona mwigizaji mwingine kama yeye.

Mwaka wangu wa mwisho kule, bibi mmoja wa Kinorwei aliyekuwa akifanya kazi Mombasa alinipa mchezo wa kwao, nikautafsiri. Aliniambia kwamba mtunzi wake ujanani aliandika michezo ya magomvi: mume na mkewe, tajiri na mji wake, milango ikibamizwa. Alipozeeka akayaacha yote hayo. Ugomvi ukahamia kifuani mwa mtu mmoja aliyekaa kitini, ikawa hakuna kinachotokea jukwaani ila mtu huyo kupigana na nafsi yake. Nikamwambia, "Bibi, watu wangu watalala." Wallahi, hawakulala.

Mchezo wenyewe ni huu. Nahodha wa kivuko amezeeka na kustaafu. Zamani, siku moja ya baridi kali, alikuwa na haraka ya kufika ng'ambo kupewa heshima mbele ya wakubwa, na nduguye akachelewa. Alimwona ufukweni akipunga mkono, akaondoa chombo. Yule ndugu akajaribu kuvuka kwa miguu juu ya maji yaliyoganda, asionekane tena. Sasa kila alasiri Nahodha husikia akiitwa kutoka ng'ambo. Mkewe hasikii kitu. Mchezo mzima ni yeye na nafsi yake: niitike, nisiitike? Mwishowe anasema neno moja, "Nakuja," anasimama, anatoka mlangoni, basi.

Wagiriama wangu walikataa katakata kuigiza mtu wa namna hiyo bila kinga. Kazungu akatuletea desturi ya bibi yake. Mtu akishavaa sura ya mtu mwingine, haachwi arudi nyumbani hivyo hivyo. Anakalishwa, anamwagiwa maji usoni kwa kata, ile ya kifuu cha nazi, na anaitwa jina lake na la babake mara tatu, mpaka aitike kwa sauti yake mwenyewe. Tuliita kurudishiwa jina. Kila baada ya mazoezi walipanga foleni, Waislamu kwa Wakristo, na mwenye kata ni mimi, mwalimu. Watu wa bara walicheka siku mbili za mwanzo, siku ya tatu nao wakapanga foleni.

Onyesho la mwisho lilikuwa Likoni, alasiri, katika ukumbi mmoja karibu na Shelly Beach. Kazungu alisema "Nakuja", akatoka mlangoni, na watu wakapiga makofi mpaka mabati yakalia. Niliwarudishia wengine wote majina yao. Yeye alikuwa bado nje. Basi la Tanga lilikuwa linaondoka na kazi mpya ilikuwa ikiningoja huku, nikashika mkoba nikaenda. Kata ikasahaulika mkobani mwangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia miaka yote.

Alhamisi alfajiri, Tanga. Mama Zena, mke wangu, alinifungia mkate wa kumimina na kuniuliza mara nne kama nimechukua dawa ya presha. Kata niliikuta stoo, nyuma ya mitungi, imekauka na kupasuka ukingoni. "Wenda kuchota maji Kenya?" akaniuliza. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyezisikia hadithi zangu zote ndefu.

Saa mbili, Horohoro, mpakani. Afisa kijana nyuma ya kioo akaniuliza, "Jina?"

"Mwalimu," nikasema.

"Mzee wangu, sikuuliza kazi. Nimeuliza jina."

Sijui kilichonipata. Nilisimama pale mdomo wazi, na nyuma yangu mama mmoja mwenye vikapu akaanza kusonya. Mwisho nilisoma kwenye pasipoti yangu mwenyewe: Sefu Bakari. Nililisoma kama mtu anayesoma jina la mwanafunzi mgeni. Afisa akagonga muhuri akitikisa kichwa. Nilitaka kumkaripia, lakini nimkaripie kwa kosa gani?

Saa sita na nusu mchana, Likoni. Mtu akitoka Tanga hufikia Likoni kwanza, kisha ndio avuke kwenda kisiwani. Nilikuwa nimejiapiza kupitiliza moja kwa moja hadi kivukoni, lakini miguu ilinipeleka upande wa Shelly Beach. Ukumbi ulikuwepo. Jua lilikuwa la utosini, hakuna kivuli hata cha ukuta, na barabara nzima ilikuwa imenyamaza kwa namna isiyo ya Likoni. Mlangoni palikuwa na kiti cha mbao kimeelekezwa nje. Nilikitambua kwa mguu wake mmoja uliofungwa waya. Nilikuwa nimeufunga mimi.

Mama mfagiaji alikuwa ndani na ufagio wa makuti. Nikamsalimu, nikamuuliza kwa nini kiti kikae mlangoni.

"Huwa nakiingiza ndani, baba," akasema. "Kila asubuhi nakiingiza. Alasiri nakikuta hapo. Nimeshachoka, nakiacha." Akanitazama vizuri. "Au wewe ndiye mwenye kupiga hodi?"

"Hodi gani?"

"Alasiri, saa kumi hivi, mtu hupiga hodi. Hodi, hodi, hodi. Mara tatu, ya adabu kabisa. Namwambia karibu. Haingii. Natoka, sioni mtu. Nilidhani ni watoto wa madrasa, lakini sauti ni ya mtu mzima."

Nikamuuliza jambo hilo limeanza lini. Akasema yeye ameajiriwa mwaka wa kumi na mbili huu, na aliyemtangulia alimwambia habari hiyo hiyo siku ya kumkabidhi funguo. Alilisema kama anavyosema mtu habari ya bomba linalovuja. Mimi nilitoka pale jasho limenilowesha mgongo, na halikuwa jasho la jua.

Saa nane, kwenye feri. Umati ule mnaujua kwa kusikia: watu, mikokoteni, baiskeli, magari, wote wanataka kushuka kabla hawajapanda. Nilisimama kando, nimeukumbatia mkoba wenye kata. Katikati ya mkondo, nyuma yangu, mtu akaita kwa nguvu, "Nahodha!"

Nikageuka. Watu kama mia walikuwa pale na hakuna aliyegeuka ila mimi. Aliyeita sikumwona. Nikajiambia ni mshtuko wa jina tu, kwani ndilo nililobeba kichwani tangu asubuhi. Bado shingo iliniuma kwa namna ilivyozunguka upesi.

Saa kumi kasoro, Magongo. Hapa hapakubadilika ila kwa kuongezeka: malori ya makontena yamepanga mstari, vumbi, mahindi ya kuchoma, makanisa manne katika uchochoro mmoja. Nilimtafuta Wanjala, mtu wa bara aliyekuwa sauti ya ndugu yule wa ng'ambo. Alikuwa akijificha nyuma ya pazia na kuita "Nahodha!" mara saba katika mchezo, basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Siku hizi ni fundi wa makochi. Nilimkuta ana misumari mdomoni, anawamba sofa.

"Mwalimu!" Akaitema misumari kiganjani. "Ai, umezeeka vibaya! Umepotea sana, buda."

Tukacheka, tukaketi juu ya sofa lisilo na kitambaa. Nikamweleza habari za Sidi, na za Jumamosi, na kwamba nimekuja kumrudishia Kazungu jina lake. Nikamwambia pia kama ninavyowaambia wote: kwamba siku ile nilikuwa na haraka ya basi.

Wanjala akachukua msumari mmoja akawa anauzungushazungusha.

"Mwalimu, wacha hiyo maneno ya basi."

"Maneno gani?"

"Basi yako ilikuwa ya saa kumi na mbili. Mchezo uliisha saa kumi. Mimi ndio nilikukatia tiketi, umesahau? Na wiki yote ya mwisho, kwa mazoezi, ulikuwa unatumwagia sisi maji, Kazungu ukimfikia unasema, 'Wewe tutakumalizia kesho.' Kila siku kesho. Sisi tuliona. Tulinyamaza kwa sababu wewe ndio ulikuwa mwalimu."

Nilimjia juu. Nilimwambia amekuwa mzee wa kusahau, kwamba mtu wa kazi moja ya kuita nyuma ya pazia atajuaje kazi ya kuongoza mchezo. Maneno ya aibu, nayaandika hapa ili muyajue. Wanjala hakukasirika. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia tuktuk hadi nyumba ya wageni, na kabla haijaondoka akainama dirishani.

"Mimi tangu siku hiyo siitangi mtu kwa nguvu," akasema. "Hata watoto wangu naendanga mpaka pale wako. Nikipaza sauti, naogopa mwenye ataitika."

Ijumaa, baada ya sala, Kisauni. Niliswali Ijumaa katika msikiti wa kando ya barabara, na sikumbuki hata neno moja la hotuba. Nilikaa nimesujudu moyoni huku akili yangu ikibishana na Wanjala. Nikisema basi, nafsi inasema saa kumi na mbili. Nikisema kazi mpya, nafsi inasema ulimwona kupitia dirisha. Mzee yule wa Norwei aliandika mambo haya ukurasa kwa ukurasa, nami nikayatafsiri nikiwa kijana wa miaka thelathini na mitano, nikitafuta maneno mazuri, nisijue ninachotafsiri.

Saa tisa, Shanzu, ambako Sidi na babake wamehamia. Sidi alinipokea karibu na mahakama, bado amevaa sare ya hoteli anakofua mashuka. Msichana mrefu, mpole, sura ya babake tupu. Aliushika mkoba wangu kwa mikono miwili, akanipitisha nyuma ya majengo ya hoteli mpaka kwenye ua wa mchanga uliofagiliwa, wenye geti la mabati. "Asante kwa kuja, Mwalimu," akasema. "Wengi waliniambia hutakuja."

Kazungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nikasema, "Salaam aleikum, Kazungu." Hakutikisika. Akatazama juu ya bega langu, na kwa sauti ile niliyomfundisha mimi, ya kooni, ya mtu wa baridi, akasema:

"Upepo umegeuka. Leo maji yataganda."

Shanzu nzima ilikuwa ikichuruzika jasho.

"Husema hivyo kila siku," Sidi akaninong'oneza. "Kisha saa kumi husimama, atoke nje ya geti. Hasemi aendako. Husimama pale nje tu, mgongo kwa geti, mpaka nimshike mkono."

Sikutaka kungoja saa kumi. Nikaomba maji, nikajaza kata, nikamwagia Kazungu usoni kama zamani. Nikaita, "Kazungu wa Mwaro!" Maji yakamtiririka kidevuni, hakuyapangusa. Nikaita tena. Nikaita ya tatu, kwa nguvu, mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Kazungu aliendelea kutazama juu ya bega langu, kwa upole, kama mtu anayesubiri wageni wamalize mambo yao waondoke.

Sidi akaketi kizingitini akajifunika uso kwa leso. "Basi, Mwalimu," akasema. "Umejaribu. Nitawapigia niwaambie wasije kesho." Lo! Ningeweza kustahimili matusi, lakini si shukrani ile.

Kisha ikafika saa kumi. Sikuangalia saa. Nilijua kwa sababu Kazungu aliinua kichwa, akasikiliza, akasema, "Nakuja." Akasimama. Akavuka ua kwa hatua zile zile, saba, nilizompimia mimi kwa chaki. Akafungua geti, akatoka, akalirudishia nyuma yake. Kupitia upenyo wa mabati nilimwona amesimama, mgongo kwetu, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Hapo ndipo nilipofahamu. Hakuwa ameenda ng'ambo. Kazungu alikuwa bado nje ya mlango wa ukumbi wa Likoni, anangoja nimwite ndani.

Na mimi nilikuwa nikimwona vile vile nilivyomwona siku ile, kupitia dirisha.

Nikasogea karibu na geti.

"Kazungu, sikuwa na haraka ya basi. Basi lilikuwa la saa kumi na mbili. Nilikuona dirishani, umesimama hivyo hivyo, wanisubiri. Kata nilikuwa nayo mkononi. Nikaitia mkobani. Wiki nzima sikukurudishia jina lako kwa makusudi. Kwa sababu kila nilipokuacha nalo lile jina, ulirudi kesho yake ukiwa mzuri zaidi jukwaani. Siku ile ulikuwa mzuri kupita wote niliopata kuwaona. Sikutaka kumharibu Nahodha. Nilimpenda yeye kuliko wewe. Nisamehe, ndugu yangu."

Sidi alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake.

Kisha kutoka nje ya geti ikaja sauti nyingine, nzito, ya Kigiriama, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka ishirini na minane.

"Sefu wa Bakari."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu mamangu azikwe. Kwa watu wote mimi ni Mwalimu, kwa mke wangu ni Baba Zena.

"Sefu wa Bakari!"

Nikafungua mdomo niseme labeka. Kilichotoka ni "Nakuja". Na haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ile ya kooni, ya mtu wa baridi. Sidi akapiga hatua mbili nyuma, akasema, "Yesu wangu!"

Geti likafunguka. Kazungu akaingia, uso bado una maji, akanichukulia kata mkononi bila kuniuliza.

"Kaa, Mwalimu."

Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki.

"Yule Nahodha, nani alimwigiza kwanza?" akaniuliza. "Nani alinionyesha akae vipi, ageuke vipi, asemeje? Miezi mitatu uliigiza wewe, mimi nakufuata. Sisi sote ukatumwagia maji. Wewe nani alikumwagia?"

Nilifikiri. Wallahi nilifikiri kwa bidii, nikipitia siku zote zile za Magongo, foleni baada ya foleni. Hakuna. Mwalimu alishika kata, na hakuna aliyekumbuka kumshikia mwalimu. Nilitoka pale na Nahodha mwilini, nikapanda basi, nikaja kwenu. Nimewafundisha watoto wenu nikiwa naye. Mama Zena amelala karibu naye miaka yote hii.

Kazungu akachota. Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyodhani. Akaita mara ya kwanza, meno yangu yakagongana. Akaita mara ya pili, neno lile lingine likanijia tena hadi ulimini, nikalibana. Akaita ya tatu, na nikaitika, "Labeka," kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeitwa kula. Kisha nikalia. Nililia bila haya, mbele ya binti wa watu na majirani juu ya ua.

Akaniinua, akakaa yeye. Nikachota, nusu ya maji yakamwagika mchangani. "Kazungu wa Mwaro," nikasema, polepole, maana sasa sikuwa na haja ya kupiga kelele.

"Labeka," akasema, hapo hapo, mara ya kwanza tu. Akapangusa uso kwa kiganja. "Ulichelewa."

"Nilichelewa."

"Haya. Sidi! Mwalimu hajanywa hata chai."

Sidi hakwenda kupika chai. Alikaa chini mchangani na sare yake ya hoteli, akaweka kichwa pajani mwa babake, akasema, "Baba." Naye akaitika. Akasema tena, akaitika tena. Sijui walifanya hivyo mara ngapi, nilitoka nikawaacha.

Jumamosi asubuhi, Shanzu. Wazee walikuja saba, wakaketi kwa mpangilio wao. Mkubwa wao akauliza kwa sauti, "Kazungu wa Mwaro yupo?" Sidi alikuwa jikoni na shangazi za mchumba, nami niliona mkono wake umeshika fremu ya mlango. Kazungu akajibu, "Nipo, na nimewasikia." Mazungumzo yakaendelea kama mazungumzo yote ya namna hiyo, marefu, na nyama ilikuwa tamu.

Jumapili, njiani kurudi. Nilipita Magongo kumwomba radhi Wanjala, ambaye alikuwa kanisani, nikamwachia ujumbe kwa mkewe. Nilipofika Likoni nikaenda tena ukumbini. Mama mfagiaji hakuwepo, kwa kuwa ni Jumapili, lakini mlango ulikuwa umefungwa na kiti hakikuwa nje. Nilichungulia dirishani. Kilikuwa ndani, ukutani, pamoja na vingine. Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka pale moyo mweupe. Lakini kabla ya hapo, kwenye feri, katikati ya mkondo, mtu alikuwa ameita tena, "Nahodha!" na shingo yangu ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Niliizuia kwa mkono. Aliyesimama karibu nami alidhani ninaumwa.

Basi, nililolipata katika safari hii ni hili. Kuna mambo mtu hujisimulia mpaka yakawa nyumba, akakaa ndani, na yule aliyemwacha akabaki nje anapiga hodi kwa adabu. Mzee wa Norwei aliliona hilo uzeeni. Mimi nililiona kwenye karatasi yake nikadhani ni fasihi.

Jumatatu, Tanga. Nilimwambia Mama Zena hadithi yote, ndefu kama ilivyo, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwomba aniite jina langu.

"Jina gani?"

"Sefu."

Akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Miaka ishirini na sita sijakuita jina! Wataka majirani wanicheke?" Akainuka akaenda zake jikoni, anacheka, mashavu yamewiva kama bibi harusi. Nikadhani yamekwisha hapo.

Saa kumi alasiri nilikuwa barazani. Kutoka jikoni, kwa sauti ndogo ya aibu, akaita, "Sefu."

Neno likanijia mdomoni, na halikuwa labeka. Nikakaza meno. Akaita tena, na safari hii hakukuwa na kicheko katika sauti yake, ila hofu. Nikasikia maji yanachotwa mtungini, kata inagonga ukingo, na nyayo zake zinakuja barazani polepole. Akasimama nyuma yangu, akaita mara ya tatu.

"Labeka," nikasema.

Akavuta pumzi. "Chai tayari," akasema, na maji akayamwaga kwenye shina la mchaichai kando ya baraza.